Kushindwa na Kupoteza: Somo kutoka Kijapani

Ndugu zetu askari wa jeshi na polisi walioko Budondo na pande zote za Jinja wanalijua daraja jipya la Mto Naili, lenye urefu wa mita 525, lililojengwa kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa Japani na kufunguliwa Oktoba 2018. Daraja hilo ndilo lililotutia hamu ya kujifunza Kijapani kidogo, nasi tukakwama katika kitenzi kimoja: makeru.

Aliyezoea Kiingereza hudhani kitenzi kimoja chatosha kwa mpira, ufunguo na fedha. Sivyo. Aliyefungwa mpirani husema shiai ni maketa, yaani nimeshindwa katika mchezo; na neno lile dogo ni ndilo pia humtambulisha aliyemshinda. Ufunguo hauna makeru. Kagi o nakushita ni nimepoteza ufunguo. Kagi ga nakunatta ni ufunguo umepotea, na mkosaji hatajwi. Ajabu ni kwamba muuzaji anayekubali kupunguza bei naye husemwa makeru. Mnunuzi amemshinda!

Lakini tofauti hizo Kiswahili kinazo tangu zamani, ila sisi twazisahau. Mara nyingi twasikia, "Tumepoteza mchezo," kana kwamba mchezo ulidondoka mfukoni. Hicho ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Timu hushindwa.

Katika mpira kosa hilo ni la kuchekesha tu. Katika taarifa ya kazi si la kuchekesha. Askari anayeandika, "Nimepoteza risasi tatu," amekiri kosa. Akiandika, "Risasi tatu zimepotea," ameeleza hali tu, na mkubwa wake hana budi kuuliza zilikuwa mikononi mwa nani. Akiandika, "Nimepotewa na risasi tatu," amekubali kwamba hasara ni yake, bali hakusema kwamba uzembe ni wake. Karani anayeandika maelezo ya mtu mwingine asibadilishe kitenzi hicho kwa ajili ya kupamba lugha. Huenda akamtia hatiani asiye na hatia, au akamficha mwenye nayo.

Watu wa Budondo nao wana jambo la namna hiyo. Maporomoko ya Bujagali yalifunikwa na maji ya bwawa la umeme mwaka 2011. Wako wasemao kwamba yamepotea. Bwawa lilijengwa na watu, kwa kusudi. Sisi twaandika kwamba yalizamishwa.