Kofia mbili kichwa kimoja: somo la John Portman kwa sisi tunaouza na kubuni



Swali ambalo halikauki inboksi kwangu ni hili: “Admini, mimi nachora lakini pia nauza, nishike lipi?” Mwingine anashona, mwingine anapamba keki, mwingine anapiga picha. Wengi wameshaambiwa mshika mbili moja humponyoka. Basi leo nawaletea mtu aliyeshika mbili zaidi ya miaka 50. Na kuna kitu kilimponyoka kweli, tutafika huko.

Anaitwa John Portman, wa Atlanta, Marekani. Alizaliwa 1924, akafariki 2017. Alikuwa msanifu majengo, pia mchoraji na mchongaji wa sanamu, na kazi zake kaziweka ndani ya majengo yake mwenyewe. Hapo hapo alikuwa mwekezaji: anatafuta kiwanja, wabia na mkopo, anajenga, anapangisha. Enzi zile wasanifu wengi waliona hiyo si heshima. Kazi ya msanifu ilikuwa kuchora na kulipwa ada, biashara waachiwe wenye pesa.

Yeye aliona tofauti. Msanifu anasubiri kuitwa. Asipoitwa, hana kazi. Akiitwa, mwenye pesa ndiye anayeamua kipi kibaki kwenye mchoro na kipi kikatwe.

1. ALIANZA NA SHIDA YA WAFANYABIASHARA
Hakuanza na jengo la kujionyesha. Alianza kwa kutumia jengo kuukuu kama sehemu ya wauzaji wa jumla kuonyesha samani, ili wenye maduka waje kuagiza. Ilipoeleweka, mwaka 1961 likafunguliwa jengo jipya kubwa kwa kazi hiyo hiyo. Umeona? Kwanza soko, halafu ghorofa. Na wewe usikimbilie kukodi fremu au kutengeneza nembo ya gharama kabla hujajua nani ananunua.

2. SANAA ALIIWEKA NDANI YA BIDHAA
Mwaka 1967 ikafunguliwa hoteli yake Atlanta, ile ya Hyatt Regency. Katikati aliacha uwazi wa ghorofa 22, vyumba vimezunguka, lifti za vioo zinapanda mbele ya macho yako. Kwa hesabu ya haraka ule uwazi ni hasara, maana ungejaza vyumba vya kulipiwa. Kampuni nyingine za hoteli zilikataa kuichukua. Hyatt, wakati huo bado ndogo, ikainunua. Watu wakaanza kuja kuishangaa tu, na hoteli za mtindo ule zikaenea mijini.

Angekuwa msanifu wa kuajiriwa, naamini uwazi ule ungefutwa kwenye karatasi. Ulipona kwa sababu mchoraji alikuwa pia mezani pesa zinapoamuliwa. Kwako wewe, sanaa si kitu cha kuficha ukurasa wa pili. Unachora? Chora kwenye vifungashio vyako. Unapiga picha vizuri? Mzigo wako uonekane kuliko wa jirani.

3. ILA MLANGO UONEKANE
Walimkosoa, na hoja ilikuwa na uzito: majengo yake mengi ni mazuri ndani, lakini ukiwa barabarani unakutana na kuta ndefu, huelewi uingilie wapi. Jamani, si ndiyo kurasa zetu hizi? Picha kali, halafu “bei njoo inboksi”. Weka bei. Weka namba. Sema ulipo na unatumaje mzigo.

4. DENI HALIJALI KIPAJI
Hapa ndipo palipomponyoka. Majengo hujengwa kwa mkopo, unalipa kwa kodi za wapangaji. Soko la majengo Marekani lilipoanguka kuelekea miaka ya 1990, kodi zikashuka, lakini marejesho hayakushuka. Portman akalazimika kuachia umiliki wa sehemu kubwa ya mali zake. Michoro ilibaki na jina lake, majengo yakaenda kwa wengine.

Kilichomsaidia kusimama tena ni kwamba kofia ya usanifu hakuna benki ingeweza kuichukua. Aliendelea kuchora na kujenga, hadi China, ambako Shanghai Centre ilikamilika 1990.

KWA HIYO TUFANYEJE?
Jibu langu: shika zote mbili, lakini mahesabu yatenganishe. Daftari moja la kazi ya mikono (oda za kuchora, kushona, kupamba), jingine la mzigo unaonunua na kuuza. Ukichanganya hutajua kipi kinakulisha na kipi kinakula mtaji.

Mkopo chukua kwa mzigo unaojua utatoka lini. Kabla ya kusaini jiulize: mauzo yakishuka nusu kwa miezi mitatu, rejesho natoa wapi? Kama jibu ni “Mungu atasaidia”, subiri kwanza.

Na vifaa vya kipaji chako, cherehani, kamera, mashine ya keki, usiviweke dhamana kwa mzigo wa kubahatisha. Mzigo ukikwama, hivyo ndivyo vitakuinua.

Haya, niandikie hapo chini: kofia zako mbili ni zipi, na mwezi uliopita ipi ililipa kodi ya nyumba?