Mkimbiaji Akirudi Nyumbani Bila Medali

Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya jambo lisilosemwa sana kanisani, ingawa katika sehemu zetu hizi limo katika nyumba nyingi. Ni habari ya mke au mume wa mchezaji wa kulipwa, yaani mtu ambaye miguu yake ndiyo shamba lake. Mtu huyu akishinda, kijiji kizima kimeshinda. Akishindwa, ameshindwa peke yake, yeye pamoja na yule anayelala naye chumba kimoja.

Wazee wetu wa Mlima Elgon wanamkumbuka Ben Jipcho. Mwaka 1968 huko Mexico alikimbia mzunguko wa kwanza wa mita 1500 kwa kasi kubwa ili kumfungulia njia Kipchoge Keino, naye mwenyewe akamaliza wa kumi. Keino alipata dhahabu. Jipcho alilaumiwa na watu wa nje kwamba alikimbia kwa ajili ya mwingine, na miaka mingi baadaye alimwomba radhi Jim Ryun, Mmarekani aliyeshindwa siku ile. Mwaka 1974, baada ya kushinda medali mbili za dhahabu na moja ya shaba katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, akaingia mbio za kulipwa, na kwa sheria za wakati ule hakuruhusiwa tena kukimbia Olimpiki. Kukimbia ili kulisha watoto kulihesabiwa kuwa kama kosa. Siku hizi hakuna anayeshangaa. Lakini lawama hazijaisha, zimebadili sura tu.

Hebu tueleze kwanza kazi yenyewe, maana wengi wanaosema hawaijui. Mkimbiaji wa marathoni hukimbia mashindano makubwa mawili hivi kwa mwaka. Basi siku moja ikiharibika, nusu ya mshahara wa mwaka imeharibika. Na hata akishinda, fedha hazifiki siku ile ile: hungojewa matokeo ya vipimo, meneja naye huchukua fungu lake, na kodi hukatwa. Kampuni ya viatu inaweza kupunguza malipo yake mkimbiaji asipofikia nafasi walizoandikiana. Haya yote jirani hayaoni. Jirani aliona televisheni tu.

Tena angalieni kalenda. Boston na London hukimbiwa mwezi wa Aprili, wakati sisi wa Trans Nzoia tumo katika kupanda mahindi. Berlin ni Septemba, Chicago Oktoba, New York Novemba, na hapo tunavuna. Kwa hiyo kila msimu ambapo kila mwanamume anaonekana shambani na jembe au trekta, huyu mmoja anakimbia alfajiri, anakula, kisha analala mchana. Kulala huko ni sehemu ya kazi, kwa sababu mwili uliokimbia karibu kilomita 200 kwa juma hujijenga wakati wa usingizi. Lakini ni mkewe anayeambiwa kisimani, “Bwana yako ni mgonjwa, au ni mvivu?” Na akiwa mwanamke ndiye mkimbiaji, mumewe huulizwa kama siku hizi ndiye anayepika.

Sasa twende kwenye jambo zito zaidi. Tarehe 11 Februari 2024 Kelvin Kiptum alifariki katika ajali ya gari karibu na Kaptagat pamoja na kocha wake, Gervais Hakizimana. Miezi minne tu ilikuwa imepita tangu aweke rekodi ya dunia huko Chicago, saa 2 na sekunde 35. Nchi ilikuwa katika msiba. Ndipo watu katika mitandao wakaanza kumshtaki Eliud Kipchoge kwamba alihusika na kifo kile, bila ushahidi wowote. Baadaye mwaka huo Kipchoge aliwaeleza watangazaji wa BBC kwamba alitishiwa kuchomewa nyumba, na kwamba alihofia familia yake hata watoto wakaacha kwenda shule kwa baiskeli, wakawa wanapelekwa na kurudishwa kwa gari. Alisema pia kwamba marafiki wengi walimwacha. Mwezi wa Machi alikuwa wa kumi Tokyo. Agosti 10 huko Paris, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya marathoni, aliacha mbio kabla ya mwisho.

Twataka mtazame nyumba ile, siyo mbio. Mkewe, Grace Sugut, hakuwa mtu wa kuonekana viwanjani. Hata siku ya Vienna, Oktoba 2019, mumewe alipokimbia marathoni chini ya saa mbili, ndiyo mara ya kwanza yeye na watoto walikwenda kumtazama akikimbia. Miaka yote ile mumewe alishinda kambini siku za juma na kurudi nyumbani Jumamosi. Lawama zilipokuja zilimkuta mama huyu mlangoni, na watoto wakiwa na mabegi ya shule. Mchezaji hulipwa kwa kujulikana, lakini mwenzi wake hujulikana bila kulipwa.

Je, mwenzi afanye nini? Katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme tunasoma kwamba Eliya alikimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Ulikuwa ushindi mkubwa. Kisha akatishiwa na Yezebeli, akakimbilia jangwani, akaketi chini ya mti na kuomba afe. Mungu akamtuma malaika, na twaomba mwangalie vizuri alichofanya. Hakumhubiria. Hakumwuliza kwa nini ameogopa baada ya kushinda. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akarudi akampa tena. Maneno yalikuja baadaye sana, mlimani. Sisi wahubiri husoma habari hii na kukimbilia ile sauti ndogo ya mlimani. Wake wa wakimbiaji wangetufundisha kukaa kidogo kwenye ule mkate.

Maana siku tatu nne za kwanza baada ya kushindwa, mchezaji hahitaji uchambuzi. Ameshapewa na watangazaji, na kocha, na makondakta wa matatu. Mwenzi mmoja alituambia kwamba kwake simu ya mume hukaa kabatini mpaka Jumatano, na anayetaka kusema naye hupitia kwake. Twaona ni busara, ingawa ndugu za mume walikasirika.

Kuna na msaada mwingine wa kila siku. Wakimbiaji walio katika orodha ya kupimwa dawa zilizokatazwa huandika kwa kila siku mahali watakapopatikana kwa dakika 60. Wapimaji wasipomkuta, limehesabiwa kosa moja. Makosa matatu katika miezi 12 yanaweza kumfungia miaka miwili, hata kama hajameza kitu. Mara nyingi saa iliyoandikwa ni alfajiri, na mwenzi ndiye asikiaye mlango. Kadhalika dawa ya kifua ya dukani: sheria humwajibisha mchezaji kwa kila kinachopatikana mwilini mwake, hata kama alipewa kwa upendo. Mama anayesema, “Ngoja kwanza tuulize daktari wa timu,” amemlinda mumewe kuliko shabiki yeyote.

Na msiwe wepesi kuamini ubao wa matokeo. Milcah Chemos Cheywa, binti wa Mlima Elgon katika Bungoma yetu, alikwenda London mwaka 2012 akitegemewa sana katika kuruka viunzi na maji. Akawa wa nne. Nafasi ya nne haina wimbo wala bendera. Mwaka 1 baadaye alikuwa bingwa wa dunia huko Moscow. Na mwaka 2016 Mrusi aliyetangulia London alinyang'anywa ushindi kwa ajili ya dawa, na yule wa nne akahesabiwa wa tatu. Mumewe, Alex Sang, naye ni mkimbiaji, na ndiye aliyemtia moyo kuingia katika mbio. Miaka minne ile kati ya London na haki, alikuwa mwenzake.

Lakini tusiseme kwamba kila avumiliaye katika ndoa anatenda mema. Jumapili, tarehe 1 Septemba 2024, Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa amekimbia marathoni ya Paris majuma matatu kabla, alirudi kutoka kanisani na binti zake mpaka nyumbani kwake Endebess. Mwenzi wake wa zamani akammwagia petroli na kumwasha moto. Alifariki Eldoret tarehe 5. Ilisemwa walikuwa na ugomvi juu ya kipande cha ardhi. Dada aliye katika nyumba ya vitisho, hatukuambii uvumilie na kuomba tu. Toka, uende kwa wazazi, kwa chifu, kwa polisi, na uje kwetu. Na sisi tusikurudishe.

Mwisho tuna ungamo. Miaka michache iliyopita ndugu mmoja wa hapa alirudi kutoka Ulaya. Aliacha mbio kilomita ya thelathini na kitu, na redio ilimcheka. Juma lile lile tulikwenda kwake, wachungaji wawili na mzee mmoja. Tulisema tunakwenda kumfariji. Ukweli ni kwamba mabati ya kanisa yalikuwa hayajaisha, na mzee wetu alikuwa na kitabu cha risiti mfukoni. Mkewe alitupokea vizuri. Tukauliza, “Baba yuko wapi?”

“Amelala, wachungaji. Na leo sitamwamsha.”

Akatupikia chai, tukanywa, hakuna aliyetaja mabati. Kitabu cha risiti kilirudi mfukoni kama kilivyokuja. Juma la pili tulirudi na maziwa na mkungu wa ndizi, tukaviacha kwa mama mlangoni. Bwana yule alitoka mwenyewe akatuita, tukakaa chini ya mti wa parachichi mpaka jioni, tukizungumza habari za ng'ombe.