Waneandathali walileaje watoto wao?

Mtoto asiyesikia vizuri, anayepepesuka kila anapotembea, angewezaje kufika umri wa miaka sita katika maisha ya kuwinda na kuhamahama, bila zahanati, bila shamba wala duka? Mtoto wa namna hiyo aliishi Hispania zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, na umri huo aliufikia. Alikuwa Mneandathali.

Katika makala haya tunaeleza jinsi watu hao wa kale walivyoishi kama familia, na jinsi wanasayansi walivyoyajua hayo ingawa hawakuacha hata mstari mmoja wa maandishi.

Waneandathali ni akina nani?

Ni binadamu wa kale walioishi Ulaya na sehemu za Asia kuanzia miaka takriban 400,000 iliyopita, hadi walipotoweka miaka 40,000 hivi iliyopita. Jina lao limetokana na bonde la Neander nchini Ujerumani, ambako mifupa yao ilichimbuliwa mwaka 1856. Wao walikuwa huko kwenye baridi, na wakati huohuo mababu zetu walikuwa hapa Afrika.

Walikuwa na miili mifupi iliyojaza, pua pana na mfupa ulionyanyuka juu ya macho. Waliwasha moto, walichonga mawe ya kukatia na ya kuchunia ngozi, na waliwinda wanyama wakubwa. Kwa muda mrefu walichorwa kama viumbe wajinga wa mapangoni. Picha hiyo imebadilika, na mifupa na meno ya watoto wao yamechangia sana kuibadilisha.

Baba na binti yake pangoni

Ushahidi ulio wazi zaidi kuhusu familia zao unatoka pango la Chagyrskaya, kusini mwa Siberia nchini Urusi. Mwaka 2022 watafiti walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kupima vinasaba vya Waneandathali 13: 11 kutoka pango hilo na 2 kutoka pango jirani la Okladnikov. Mmoja wa watafiti hao ni Svante Pääbo wa Sweden, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka huohuo kwa kazi yake ya kusoma vinasaba vya binadamu wa kale.

Vinasaba ni maelekezo yaliyomo ndani ya mwili, ambayo mtoto hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Ndivyo vinavyopimwa leo panapokuwa na ubishi kuhusu baba wa mtoto. Katika pango hilo walikutwa mwanamume na msichana ambao nusu ya vinasaba vyao ni sawa. Je, hawakuwa kaka na dada wa tumbo moja? Hapana. Kuna sehemu ya vinasaba ambayo kila mtu huipata kwa mama yake pekee, na sehemu hiyo ilitofautiana kati yao. Walikuwa baba na binti yake.

Wengine wawili, mvulana na mwanamke mtu mzima, walikuwa ndugu wa karibu pia. Mwanamke huyo huenda alikuwa shangazi yake, mama yake mdogo au bibi yake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa familia ya Waneandathali kutambuliwa kwa njia hii. Watafiti wanakadiria kwamba jamii hiyo ilikuwa na watu kati ya 10 na 20 tu.

Wanawake ndio waliohama

Vipimo hivyo vilionyesha jambo jingine. Vinasaba vinavyotoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume vilifanana sana kati ya wanaume wa pale, lakini vile vya upande wa mama vilitofautiana zaidi. Maelezo yanayolingana na hali hiyo ni kwamba wanaume walibaki kwao, na wanawake wengi walitoka jamii nyingine. Watafiti wanakadiria kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanawake walikuwa wamehamia pale.

Utafiti wa mwaka 2011 katika pango la El Sidrón, kaskazini mwa Hispania, ulikuwa tayari umeonyesha dalili kama hiyo. Wanaume watatu wazima wa pale walikuwa wa ukoo mmoja wa upande wa mama, lakini wanawake watatu walikuwa kila mmoja na ukoo wake.

Kwa wengi wetu, binti kuondoka kwao na kwenda kuzaa kwa watu wengine si jambo geni. Lakini tufikirie maana yake kwa mama wa wakati ule. Huenda alijifungua akiwa mbali na mama yake mzazi, na mikono ya kumsaidia ilikuwa ile michache ya watu aliowakuta huko.

Jino kama kadi ya kliniki

Tumejuaje mtoto alinyonya hadi lini? Jino la mtoto hukua kwa tabaka ndogo, moja juu ya nyingine siku hadi siku, na kila tabaka hubaki na alama ya kile mtoto alichokuwa anakula wakati huo. Mtoto anaponyonya, madini fulani ya maziwa ya mama huonekana kwenye jino. Akianza kula vingine, kiwango hubadilika. Mtaalamu akilikata jino na kulipima, analisoma karibu kama muuguzi anavyosoma kadi ya kliniki.

Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya meno matatu ya utotoni kutoka kaskazini mashariki mwa Italia, ya watoto walioishi kati ya miaka 70,000 na 45,000 iliyopita. Yalionyesha kwamba watoto hao walianza kupewa chakula cha nyongeza wakiwa na miezi mitano hadi sita. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani leo ni maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha chakula cha nyongeza huku mtoto akiendelea kunyonya. Kwa hiyo mahitaji ya mwili wa mtoto wao hayakuwa mbali na ya mtoto wetu.

Jino jingine, lenye umri wa miaka takriban 250,000, lilitoka eneo la Payre nchini Ufaransa. Mtoto huyo alinyonya mpaka miaka miwili na nusu. Jino lake lina alama za kudhoofika wakati wa baridi kali. Yeye na mwenzake wa eneo hilohilo waliingiwa na madini ya risasi, yenye sumu, angalau mara mbili wakiwa wadogo. Maisha yalikuwa magumu, lakini maziwa ya mama yaliendelea.

Utoto mrefu

Mtoto wa mnyama wa porini hujitegemea mapema. Mtoto wa Mneandathali hakuwa hivyo. Mifupa ya mvulana wa El Sidrón aliyefariki akiwa na miaka saba na miezi kadhaa ilichunguzwa mwaka 2017, na ilionekana alikuwa anakua kwa kasi inayokaribiana na ya watoto wa leo. Ubongo wake ulikuwa bado haujamaliza kukua. Kwa hiyo kwa miaka mingi mtu mwingine alilazimika kumlisha, kumlinda na kumfundisha.

Huko Le Rozel, pwani ya Ufaransa, nyayo 257 zilizobaki kwenye mchanga kwa miaka 80,000 zilielezwa mwaka 2019. Nyingi ni za watoto na vijana, na zinaonyesha kwamba walikuwa sehemu kubwa ya kundi lililopita pale.

Mgonjwa hakuachwa njiani

Sasa turudi kwa yule mtoto wa Hispania. Kipande cha mfupa wa sikio lake kilipatikana katika pango la Cova Negra, na uchunguzi wake ulichapishwa mwaka 2024. Sehemu ya ndani ya sikio ilikuwa na kasoro zinazolingana na hali ya kuzaliwa iitwayo sindromu ya Down. Kasoro hizo zingemfanya asisikie vizuri na apate kizunguzungu kikali. Watafiti wanasema mama peke yake, akiwa na kazi zake zote, asingeweza kumhudumia mtoto huyo kwa miaka sita. Ilibidi wengine wapokezane.

Kadhalika katika pango la Shanidar, nchini Iraq, ilichimbuliwa mifupa ya mwanamume aliyekuwa na mkono uliodhoofu na jicho lililoumizwa vibaya. Majeraha hayo yalipona, naye akaishi miaka mingi baadaye. Na huko La Ferrassie, Ufaransa, mtoto wa miaka miwili hivi alizikwa kwenye shimo lililochimbwa makusudi.

Uchache wao ulikuwa hatari

Kundi la watu 10 hadi 20 linaweza kupendana sana, lakini ugonjwa mmoja au uwindaji mmoja mbaya unatosha kuliyumbisha. Ukubwa huo unakaribiana na makundi ya sokwe wakubwa wa milimani wanaoishi Rwanda, Uganda na Congo. Vinasaba vya watu wa Chagyrskaya vilionyesha pia kwamba wazazi wengi walikuwa na undugu kati yao, jambo linaloongeza hatari ya maradhi ya kurithi. Wanasayansi wengi wanauhesabu uchache huo kati ya sababu za kutoweka kwao.

Je, tuna undugu nao?

Ndiyo. Mababu wa binadamu wa leo walipotoka Afrika walikutana nao, na wakazaa nao. Watu wenye asili ya nje ya Afrika wana takriban asilimia 2 ya vinasaba vya Waneandathali. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba hata Waafrika wanavyo, kwa kiasi kidogo zaidi, hasa kwa sababu baadhi ya watu walirudi Afrika baadaye.

Vinasaba hivyo vimefika kwetu kwa njia moja tu: watoto wa mchanganyiko walizaliwa, wakalelewa mpaka wakakua, nao wakapata watoto wao.