Amherst ama Williams? Wachana na Jina, Cheki Vile Utasoma
Uko na barua mbili, Amherst na Williams, zote za Massachusetts, na mtaa mzima unasema enda Amherst juu Uhuru Kenyatta alisomea huko. Hiyo si sababu, msee. Doo nayo haiwaachanishi sana: msaada wa karo wa vyuo vyote viwili hauna mkopo, na tangu 2022 Williams haikuhesabii hata kazi ya chuo. Linganisha ile balansi mzazi atalipa.

Tofauti kubwa iko darasani. Amherst, ukitoa semina moja ya mwaka wa kwanza, hakuna somo la lazima. Hesabu inaweza kukupita kabisa. Williams lazima uguse sanaa, jamii na sayansi, lakini iko na tutoriali: wanafunzi wawili, profesa mmoja. Wiki hii unaandika insha, wiki ijayo unakosoa ya mwenzako. Maze, hapo hakuna kujificha backbench.

Halafu Williamstown ni kamji kadogo milimani. Amherst unapanda basi unaenda kusoma kwa vyuo vingine. Kabla ujibu, tafuta Mkenya aliye huko umuulize wikendi ya Februari hukaa aje.