Dodoso Likishatafsiriwa

Dodoso la PSS la kupima msongo wa mawazo lilitungwa Marekani na Sheldon Cohen na wenzake mwaka 1983. Toleo lake la maswali 10 humuuliza mtu kuhusu mwezi uliopita, naye hujibu kwa namba, kuanzia 0 kama jambo halikumtokea kabisa hadi 4 kama lilimtokea mara nyingi sana. Kulitafsiri kunaonekana rahisi. Mmoja analiweka katika Kiswahili, mwingine ambaye hajaona la awali analirudisha katika Kiingereza, kisha matini mbili zinalinganishwa. Utaratibu huo, ulioenezwa na Richard Brislin tangu 1970, ni wa lazima, ila unakagua maneno tu. Mhojiwa ameelewa nini, hausemi.

Hilo hujulikana kwa kuketi na watu wachache wa aina ile itakayohojiwa, kuwasomea swali na kuwaomba waeleze wamefikiaje jibu. Katika PSS, tabu hujitokeza mapema. Maswali matatu ya kwanza ni ya kukereka na kulemewa. La nne linageuka na kuuliza kama mtu alijiamini kuyamudu matatizo yake. Aliyeshika mkondo wa kulalamika hujibu vilevile, na kwa kuwa alama za maswali ya namna hii, ambayo ni manne, hugeuzwa kabla ya kujumlisha, jibu lake linapotosha jumla. Mhojaji anayesoma haraka haraka huzidisha tatizo.

Baadaye huja alfa ya Cronbach, ambayo tafiti nyingi huitaja kana kwamba ndiyo hukumu ya mwisho. Mimi siipi uzito huo. Alfa ya 0.85 inaonyesha kwamba majibu yanakwenda pamoja, basi. Katika madodoso yanayouliza dalili za mwili, maswali ya uchovu, usingizi na hamu ya kula yatakwenda pamoja hata kama kinachowasumbua watu ni malaria, au ni mimba tu. Kwa hiyo lazima kiwepo kipimo cha nje. Sylvia Kaaya na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, walipima orodha ya Hopkins ya dalili 25 za wasiwasi na sonona kwa wajawazito wenye VVU nchini Tanzania, wakalinganisha alama zake na usaili wa kitabibu.

Dalili zikiwa kali, dodoso na daktari hukubaliana kwa urahisi. Zikiwa ndogo, kila mtu anazo kidogo, na kazi ngumu ni kuamua mpaka uwekwe kwenye alama ipi. Chukua mfano wa watu 1,000, ambao 100 kati yao wana msongo kweli. Dodoso linalowatambua asilimia 80 ya wenye msongo, na asilimia 80 ya wasio nao, litawanasa 80 wa kweli pamoja na 180 wasiohusika. Yaani katika kila watu 10 waliopatikana na alama ya juu, takriban saba hawana tatizo linalotafutwa. Mpaka ukipandishwa, hao wanapungua, lakini baadhi ya wenye msongo kweli wanaachwa nje.

Takwimu pekee haziwezi kuamua mpaka huo uwekwe wapi. Kama kinachofuata ni mazungumzo na mshauri nasaha, mpaka wa chini unavumilika. Kama mwajiri anataka kuzitumia alama hizo kuamua nani apewe zamu ya usiku, mimi ningemnyima dodoso.