OK JAZZ: ORKESTRA MOJA, DISKI KWA DISKI



Katika shule kuna mabishano yenye hayaishi. Wamoja wanasema muziki wa orkestra ni kitu cha dunia, na mwanafunzi Mprotestanti hana kazi nao. Wengine wanaupiga ku telefone toka asubuhi mpaka magaribi, lakini ukiwauliza wimbo huu ni wa mwaka gani, nani aliutunga, nani anaimba, wanajibu neno moja tu: "Ni Franco." Kumbe wote wawili, mwenye kukataa na mwenye kupenda, wanahukumu kitu wasichokijua vizuri.

Tunataka kuonyesha jambo moja: orkestra haihukumiwi kwa wimbo mmoja. Tunapaswa kuifuata mwaka kwa mwaka, diski kwa diski. Hapo ndipo tunaona ilitoka wapi, nani aliingia, nani alitoka, na juu ya nini muziki wake ulibadilika. Tumechagua OK Jazz ya Kinshasa, sababu Franco aliitumikia tangu 1956 mpaka kufa kwake 1989. Ni miaka 33 ya kazi, na diski zake zinafuatana sawa kurasa za kitabu.

1. Diski ya dakika tatu

Luambo Franco alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 huko Sona Bata, Bas-Congo. Alikomaa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Mama yake aliuza maandazi sokoni. Mtoto alijitengenezea gitare ya kopo, akapiga karibu na meza ya mama ili wanunuzi waje. Kisha mpiga gitare mmoja, Ebengo Dewayon, akamfundisha vizuri. Alipokuwa na miaka 15 alikuwa amekwisha kuingia Loningisa, studio ya Mgreki Papadimitriou.

Mwezi wa Juni 1956, yeye na wenzake wakaanza orkestra mahali palipoitwa OK Bar. Jina OK Jazz lilitoka hapo. Walikuwapo mwimbaji Vicky Longomba, na Jean-Serge Essous wa Brazzaville mwenye klarineti. Mwaka uleule wakatoa wimbo "On entre OK, on sort KO", maana yake: unaingia mzima, unatoka umeangushwa, sawa mpiga boksi. Maneno hayo yakawa alama yao.

Sasa musikilize nyimbo za wakati ule. Juu ya nini zote ni fupi? Si kwamba wapigaji walichoka. Diski ya wakati ule ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi. Ikipita hapo, sindano imefika mwisho. Basi mtunzi alikata maneno: beti chache, kiitikio, gitare kidogo, kwisha. Muziki wenyewe ulikuwa na harufu ya Kuba, sababu diski za Kuba ziliuzwa sana Congo. Lakini rumba ya Kuba ilikuwa na damu ya Afrika, iliyopelekwa huko na watumwa. Ni kama mtoto aliyerudi nyumbani akiwa na nguo za kigeni.

2. Diski ndogo na gitare kubwa

Katika miaka ya 1960 diski ya 78 ikakufa, ikaja ya 45: ndogo, nyepesi, haivunjiki upesi. Upande mmoja ukaweza kufika dakika nne, tano. Munaweza kusema dakika mbili si kitu. Lakini ndizo zilizokuza sebene.

Sebene ni nini? Rumba yetu iko na sehemu mbili. Ya kwanza ni polepole: mwimbaji anaeleza habari yake. Ya pili waimbaji wanapunguza maneno, gitare zinashika njia, na watu wanacheza. Hiyo ya pili ndiyo sebene. Gitare ya solo inarudia kipande kifupi tena na tena, ikikigeuza kidogo kidogo. Ya akompanyema inashikilia chini yake, na besi inatembea. Baadaye ikaongezwa gitare ya mi-solo, katikati ya solo na akompanyema, ili pasibaki pengo.

Wakati ule Congo ilikuwa na shule mbili za muziki. African Jazz ya Kabasele, yenye ilipiga "Indépendance Cha Cha" mwaka 1960, ilipenda sauti laini na gitare safi. OK Jazz ilipenda mapigo mazito yenye kurudiarudia, karibu na ngoma za kijiji. Mapigo hayo yaliitwa odemba. Mwaka 1961 aliingia mpiga gitare Simaro Lutumba, mtunzi mwenye maneno ya ndani. Mwaka 1963 aliingia Verckys na saksofoni yake, akabaki mpaka 1969. Mukisikia saksofoni inalia kwa nguvu katika nyimbo za miaka hiyo, mujue ni huyo.

3. Wimbo uliokatwa katikati

Mwaka 1970 Franco alifiwa na mdogo wake Bavon Marie-Marie, naye mwanamuziki, aliyekufa kwa ajali ya gari. Mwaka 1971 inchi ikageuzwa jina kuwa Zaïre, na watu wakaacha majina ya kizungu: François akawa Luambo Makiadi. Orkestra ikakua, ikaitwa Tout-Puissant OK Jazz, kwa kifupi TPOK Jazz. Mwaka 1972 akaingia mwimbaji Sam Mangwana.

Sasa nyimbo zilikuwa ndefu kuliko diski. Wakafanya nini? Wakakata wimbo vipande viwili: upande A ni sehemu ya kwanza, upande B ni ya pili. Basi mukisikia ku telefone wimbo wa zamani unazima polepole katikati, kisha unaanza tena, musiseme telefone imeharibika. Hapo ndipo mtu alisimama zamani kugeuza diski.

Nyimbo mbili za wakati huo zinatufundisha sana. "AZDA" ya 1973 ni tangazo la biashara: inasifu kampuni yenye iliuza magari ya Volkswagen. Na watu waliipenda hata huko ambako hawakuwa na franga ya kununua gurudumu! "Mabele" ya 1974, maana yake udongo, ilitungwa na Simaro na kuimbwa na Mangwana. Hiyo inafikiri juu ya mwanadamu na kifo. Angalieni: orkestra ileile, miaka miwili yenye kufuatana, moja inauza gari, nyingine inakumbusha kaburi. Na katika "Mabele" mtunzi si Franco, wala mwimbaji si Franco. Mwenye kusema tu "Ni Franco" amemnyima Simaro jasho lake.

4. Diski kubwa na maneno mengi

Mwisho wa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, diski kubwa ya 33 ikachukua nafasi. Upande mmoja unabeba dakika 20 na kupita. Hii haikubadilisha Congo peke yake. Kule Uingereza vikundi vya rock vilikuwa vimekwisha kufanya vile: Pink Floyd, mwaka 1971, walijaza upande mzima wa diski kwa wimbo mmoja, "Echoes", wenye dakika 23. Lakini tofauti iko. Wale walirefusha ili mtu akae na kusikiliza. Wetu walirefusha ili mtu acheze, na pia ili wapate nafasi ya kusema.

Na Franco alisema. "Mario" ya 1985 ni ya dakika 14 hivi. Ni habari ya kijana aliyesoma, ana diplome, lakini anakataa kazi, anakaa kwa mama mmoja tajiri na kula mali yake. Watu waliishika habari hiyo mpaka kijana wa namna ile akapewa jina hilo. Hata Tanzania wanamwita marioo. Katika diski ya dakika tatu habari kama hii isingeenea.

Tusifiche upande mwingine. Mwaka 1978 Franco alifungwa pamoja na wanamuziki wake juu ya nyimbo zenye matusi. Mwaka 1984 alitoa "Candidat na biso Mobutu", ya kumpigia Mobutu kampeni. Tena wengi hawakupenda namna nyimbo zake zilivyosema juu ya wanawake. Kisha mwaka 1987, wakati wengi waliogopa hata kutaja ugonjwa huo, akatoa "Attention na SIDA". Ndani yake anaonya kwa sauti ya mzazi, na mara nyingi kwa Kifransa, ili asikiwe mbali. Miaka miwili kisha, tarehe 12 Oktoba 1989, alikufa huko Ubelgiji, na inchi ikaomboleza siku nne.

Sasa niambieni: mwanamuziki huyu alikuwa mwema ao mbaya? Mwenye kujua "Attention na SIDA" peke yake atamfanya nabii. Mwenye kujua nyimbo za 1978 peke yake atamfanya mpotevu. Wote wawili wana diski mkononi, na wote wawili hawana ukweli mzima.

5. Kisha Franco

Orkestra iliendelea miaka michache bila yeye, halafu ikavunjika. Mwaka 1994 Simaro na wenzake wakaanza Bana OK, yaani watoto wa OK. Simaro mwenyewe alikufa Machi 2019. Mwaka 2021 Unesco iliandika rumba ya Congo, ya Kinshasa na ya Brazzaville pamoja, katika urizi wa wanadamu wote.

Lakini urizi haulindwi na karatasi ya Unesco. Unaweza kupotea hapahapa Sange, kwa sababu rahisi: wimbo unatoka telefone moja kwenda nyingine bila mwaka, bila jina la mtunzi, mara nyingi na jina la uongo. Diski ya zamani ilikuwa na karatasi katikati: jina la wimbo, mtunzi, orkestra. Leo sauti imebaki, karatasi imepotea. Kizazi kimoja bado kinaweza kuuliza wazee. Kinachofuata kitamuuliza nani?

6. Faida kwetu

Kwanza, kwa mabishano yetu. Paulo alifundisha Wakristo kupima mambo yote, washike mema na kuacha mabaya. Huwezi kupima usichokijua. Mwenye kukataa wimbo fulani aseme ni upi na juu ya nini. Mwenye kupenda naye afanye vile.

Pili, kwa korali zetu, zenye ziko na gitare na besi sawa orkestra. OK Jazz inatufundisha kwamba urefu si uzuri. Nyimbo za dakika tatu za 1956 hazina neno la bure, sababu nafasi ilikuwa ndogo. Wimbo wa dakika kumi unafaa tu kama kila dakika inaleta kitu. Korali yenye kurudia sebene mpaka wasikilizaji wanasahau ujumbe wa Mungu imerefusha diski bila kuongeza neno.

Tatu, kwa somo la historia. Mwenye kutaka ajaribu hivi, kwa saa moja ya siku ya mapumziko: asikilize "On entre OK, on sort KO" ya 1956, kisha "AZDA" ya 1973, "Mabele" ya 1974, "Mario" ya 1985 na "Attention na SIDA" ya 1987. Achukue saa na daftari. Kwa kila wimbo aandike mambo manne: dakika ngapi, sebene inaanza wapi, chombo gani kinasikika kuliko vingine, na wimbo unamwambia nani, nini. Asiyesikia Lingala amwulize mwenzake, ao mzee wa nyumbani, na hapo ndipo atapata masimulizi mengine ambayo hayako katika diski yoyote. Na akipata jina la mtunzi, aliandike karibu na jina la wimbo, sawa ile karatasi ya zamani.

Mungu awabariki katika masomo yenu.