KANUNI ZA MBIO ZA MAGARI: MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI

Maelezo haya yanatolewa kwa watumishi wa umma na wakazi wa Mwanza, Ukerewe na mwambao wa Ziwa Victoria, ili waelewe kanuni zinazoongoza mbio za magari za Safari Rally.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulichukuliwa na Bert Shankland, dereva aliyetokea Tanzania, akiendesha Peugeot 404. Mashindano yaliingia katika ubingwa wa dunia mwaka 1973, yakaondolewa baada ya mwaka 2002, na kurejea mwaka 2021 huko Naivasha, Kenya.

Ngazi za kanuni

Mtumishi anayefahamu tofauti baina ya sheria, kanuni na waraka hatapata taabu. Juu kabisa ipo Kanuni Kuu ya Kimataifa ya shirikisho la magari duniani, FIA, lililoundwa mwaka 1904. Chini yake zipo kanuni za ubingwa unaohusika, kisha kanuni za nyongeza za waandaaji. Mabadiliko ya baadaye hutolewa kwa tangazo lenye namba na tarehe, ambalo washindani hulitia saini. Agizo la mdomo halitoshi kubadili kanuni iliyoandikwa.

Hesabu ya muda

Njia imegawanyika sehemu mbili. Katika sehemu za mashindano barabara hufungwa, na mwenye muda mfupi ndiye anayeongoza. Katika sehemu za kuunganisha, gari hupita miongoni mwa magari, baiskeli na mifugo ya wananchi, na dereva hulazimika kutii sheria za usalama barabarani za nchi.

Kila gari hupangiwa dakika yake ya kufika kituo cha ukaguzi. Mathalani, gari lililopangiwa saa 4:20 asubuhi likifika saa 4:23, huongezewa sekunde 30, yaani sekunde 10 kwa kila dakika ya kuchelewa. Likiingia kituoni saa 4:17, huongezewa dakika 3 kamili. Adhabu ya kuwahi ni kubwa zaidi ili dereva asipate faida yoyote kwa kukimbiza gari kati ya wananchi. Hadi mwaka 2002 Safari Rally ilishindaniwa katika barabara zilizo wazi. Kufungwa kwa barabara kumepunguza hatari hiyo, wala hakukuiondoa.

Ajali na malalamiko

Gari likikwama, pembetatu nyekundu huwekwa angalau mita 50 kabla ya kulifikia. Kibao chenye neno OK humaanisha hakuna anayehitaji tabibu. Kibao cha SOS humlazimu dereva anayefuata kusimama na kusaidia, naye hupangiwa muda wa haki kwa dakika alizopoteza. Hivyo basi, hakuna mshindani anayelazimika kuchagua kati ya ushindi na uhai wa mwenzake.

Mshindani asiyeridhika na matokeo huwasilisha pingamizi kwa maandishi, pamoja na ada, katika muda wa dakika 30 tangu matokeo ya awali yabandikwe. Akitaka kukata rufaa, hutoa taarifa ndani ya saa moja tangu uamuzi utolewe.

Wajibu wa watazamaji

Wananchi wa visiwa hivi wanakumbuka Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipopinduka karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 220. Kanuni za barabarani nazo zimewekwa kwa ajili ya uhai.

Kwa sababu hiyo, mtazamaji hapaswi kusimama upande wa nje wa kona wala kuvuka njia baada ya kufungwa. Wazazi wawashike watoto, wafugaji waondoe mifugo mapema, na kila mmoja atii maelekezo ya askari na wasimamizi. Watazamaji wakikaidi, wasimamizi wanaweza kusimamisha au kufuta sehemu hiyo ya mashindano.